Mzazi Anapoanza Kuyumba

Kuyumba kwa mtu aliyezeeka ni dalili, na dalili ina chanzo. Kauli hiyo inaonekana nyepesi mpaka ifikishwe kwenye lupango la Kamina ambako baba wa miaka sabini na kitu ameanza kushika ukuta akitoka chumbani, na watu wa nyumbani wameshajipa jibu: ni uzee. Jibu hilo halitoki katika roho mbaya. Ubaya wake ni kwamba likishatolewa, hakuna anayeuliza tena. Uzee kweli hupunguza akiba ya mwili. Macho hupungukiwa nuru, misuli ya mapaja hulegea, mishipa ya damu huchelewa kujikaza mtu anapoinuka. Hata hivyo uzee huenda polepole, mwaka kwa mwaka, na haumfanyi mtu aliyekwenda sokoni kwa miguu yake mwezi uliopita ashindwe leo kuvuka ua. Palipo na badiliko pana kilicholileta. Jibu la pili linalotolewa upesi, kwamba mzee amelogwa au kwamba yeye mwenyewe ndiye mlozi, hufunga mlango uleule na kuongeza dhuluma juu ya ugonjwa.

Gharama ya kutouliza ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Aliyevunjika nyonga mahali ambapo upasuaji wa mifupa uko mbali hulala miezi, na kulala huko huleta vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda miguuni. Asiyevunjika kitu naye huondoka na hofu. Huacha kwenda kanisani, huacha kumtembelea ndugu yake wa mtaa wa pili, hukaa kitini kutwa. Mapaja hupungua nguvu, na kuyumba kunazidi kwa sababu ya kule kukaa.

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu majimbo ya Kongo yalipogawanywa upya mwaka 2015, ni mji uliokuzwa na reli. Njia ya kutoka Bukama hadi Ilebo, enzi hizo ikiitwa Port-Francqui, ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya kampuni ya BCK. Ile ya Kabalo iliunganishwa mwaka 1956, na Kamina ikawa njia panda ya treni za Lubumbashi, za Kasai na za upande wa Tanganyika. Historia hiyo inaingia ndani ya suala la wazee. Watoto wa wafanyakazi wa reli wa jana walipanda treni ileile kwenda kutafuta masomo na kazi, wengi hadi Lubumbashi, karibu kilomita 600 kwa reli. Habari ya mzazi huwafikia kwa simu, kwa maneno machache: “Baba anaanguka-anguka.” Mtoto hutuma pesa, pesa hununua dawa, na dawa mara nyingi ni sehemu ya tatizo lenyewe. Anayelipa hamwoni mgonjwa akitembea, na anayemwona akitembea hajaulizwa kitu. Kutafuta chanzo kunaanza kwa kuwaunganisha watu hao wawili.

Mwili husimama wima kwa kutegemea taarifa za aina tatu. Macho huuambia ubongo ulipo mstari wa ukuta na wa ardhi. Sikio la ndani huhisi kichwa kinapogeuka na kinapoinama. Neva za nyayo, za vifundo na za magoti hueleza miguu iko wapi hata pasipotazamwa. Sehemu ya nyuma ya ubongo, serebela, hupatanisha taarifa hizo na kuiamuru misuli ijisahihishe mara nyingi kwa dakika bila mtu kujua. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili, lakini mwili hukaa: mtu mwenye taarifa mbili nzuri kati ya tatu hutembea vizuri, na huenda asijue miaka mingi kwamba ya tatu imeharibika. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa mzima mchana na kuanguka usiku. Nyayo zake zilikufa ganzi zamani, macho yakawa yanafidia, na siku umeme ulipokatika fidia nayo ikaondoka. Juu ya mambo hayo matatu kuna mengine yasiyosahaulika: moyo na mishipa inayopeleka damu kichwani mtu anaposimama, nguvu za miguu yenyewe, na hali ya ubongo unaoongoza kila kitu.

Kosa la kwanza katika uchunguzi ni kuanza na swali lisilo na mazao. Mzee akisema ana kizunguzungu, wengi humbana aeleze kinafananaje: je, dunia inazunguka, kichwa kimekuwa chepesi, au ni miguu tu? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 juu ya wagonjwa waliofika vyumba vya dharura ulionyesha kwamba wengi wao walibadilisha maelezo ya namna hiyo walipoulizwa tena baada ya dakika chache tu. Walichokisema kwa uthabiti zaidi ni kizunguzungu kilidumu muda gani na kiliamshwa na nini. Mzee wa Kamina hana tofauti. Binti anayemwuliza, “Baba, ulikuwa unafanya nini kilipoanza, na kiliisha lini?” atapata jibu lenye kazi: nilikuwa nageuka kitandani, nilikuwa nimetoka kuinuka, nilikuwa naenda chooni gizani, kilianza asubuhi moja na hakijaisha hadi leo, nayumba kila nikitembea. Kila moja ya majibu hayo linaelekea njia yake.

La kitandani ndilo lenye furaha zaidi, kwa sababu chanzo chake hutibika kwa mikono mitupu. Ndani ya sikio kuna kifuko kinachoitwa utrikulo, na juu ya utando wake laini kumelala vijiwe vidogo sana vya kalisi kaboneti, otokonia, ambavyo kazi yake ni kuhisi mvutano wa ardhi. Umri, au pigo la kichwa, huvibandua. Vikiangukia katika mmojawapo wa mifereji mitatu ya nusu duara, kila kichwa kinapogeuzwa husukuma majimaji yaliyomo, na ubongo huambiwa kwamba kichwa kinazunguka ilhali kimetulia. Mama akijigeuza upande wa kulia alfajiri, chumba kizima huzunguka. Akitulia, kabla ya dakika moja kupita, kunaisha. Kizunguzungu hurudi akiinua uso kutazama embe juu ya mti au akiinama kuokota kuni. Kati ya vyanzo vya kizunguzungu vinavyotokana na sikio, hakuna kinachowapata wazee zaidi ya hiki.

Robert Bárány, daktari mzaliwa wa Vienna aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya sikio la ndani, aliieleza hali hiyo mwaka 1921. Mwaka 1952, Margaret Dix na Charles Hallpike wa London waliweka wazi kipimo kinachoitambua. Mzee huketi kitandani, miguu imenyooshwa. Kichwa hugeuzwa nyuzi 45 kuelekea sikio linaloshukiwa, kisha mzee hulazwa chali kwa haraka huku mabega yakiwa juu ya mto, kichwa kikiwa kimeinamia nyuma kidogo, macho wazi. Anayepima hatazami kingine ila macho hayo. Zikipita sekunde chache, macho huanza kurukaruka kuelekea juu huku yakijizungusha upande wa sikio lililo chini. Mzee hushika mkono wa anayempima, husema yuko anaanguka. Kisha mrukoruko hupungua na kuzimika. Hakuna picha ya mashine inayoonyesha jambo hilo vizuri kuliko hayo macho mawili.

Tiba inaendelea kutoka mkao uleule. John Epley, daktari wa Portland huko Marekani, alichapisha mbinu yake mwaka 1992 baada ya kupuuzwa na wenzake kwa miaka. Kichwa hugeuzwa nyuzi 90 kuelekea bega la pili. Mzee hujilaza ubavu wa upande huo huku uso ukielekea sakafuni. Mwisho huketishwa taratibu. Katika kila mkao husubiriwa nusu dakika au zaidi, hadi mzunguko utulie. Vijiwe huteleza na kurudi katika kifuko chake. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hupona kwa kikao kimoja, na wengine kwa kurudia mara mbili tatu. Mwenye shingo mbovu au maumivu makali ya mgongo hafanyiwi hivi bila mtaalamu. Ila muuguzi yeyote wa kituo cha afya anaweza kujifunza mbinu hiyo kwa asubuhi moja, na inasikitisha kwamba wagonjwa wengi huandikiwa vidonge vya kizunguzungu badala yake. Vidonge havisogezi kijiwe. Huleta usingizi, na mzee mwenye usingizi huyumba zaidi.

Jibu la pili, la mtu anayeyumba akiinuka, linahusu damu. Kipimo chake kinahitaji mashine ya kupimia presha, ile ambayo watu wa Kamina hupimiwa nayo tansio, pamoja na subira kidogo. Mzee hulala dakika 5 na kupimwa akiwa amelala. Husimama na kupimwa baada ya dakika 1, tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, damu haifiki kichwani ipasavyo anaposimama. Karibu kila mahali presha hupimwa mgonjwa akiwa ameketi tu, na hivyo jambo lenyewe hukosekana. Hutokea mtu mmoja awe na presha ya juu akiwa amelala na ya chini akiwa amesimama, na anayeona namba ya kwanza peke yake humwongezea dawa mgonjwa ambaye dawa ndizo zinazomwangusha. Kuharisha, homa ya malaria, kunywa maji machache msimu wa joto na kupoteza damu polepole tumboni navyo hushusha presha vivyo hivyo.

Hapo ndipo inapobidi mfuko wa dawa umwagwe mezani. Nyumba yenye mzee mgonjwa huwa nao: furosemide iliyoandikwa miguu ilipovimba, amlodipine ya kituo cha afya, methyldopa iliyobaki tangu zamani, diazepam ya usingizi iliyonunuliwa bila karatasi, na vidonge vyeupe ndani ya bahasha isiyo na jina. Mtoto wa Lubumbashi ametuma fungu moja, wa Kolwezi jingine, jirani amechangia la tatu. Kila dawa iliingia kwa sababu yake, hakuna iliyotoka. Ya usingizi ndiyo inayostahili kushukiwa kwanza, maana diazepam hukaa muda mrefu katika mwili wa mzee na kipimo cha jana hujumlishwa na cha leo. Hata hivyo haiachwi ghafla kwa aliyeizoea. Hupunguzwa hatua kwa hatua, munganga akijua.

Dawa mbili katika nchi hii zinahitaji kutajwa peke yake. Kwinini, ambayo miti yake imelimwa Kivu kwa vizazi kadhaa na kusindikwa Bukavu, huleta mlio masikioni, uziwi na kizunguzungu ikizidi. Kwa kawaida hayo hupita dawa ikisimamishwa, na kwa malaria kali sindano ya artesunate ndiyo inayopendekezwa mbele yake. Gentamicin ni habari nyingine. Sindano hiyo, ambayo ni rahisi na hupatikana kila pahali, huua chembe zenye vinyweleo za sikio la ndani ambazo hazioti tena, na hatari ni kubwa zaidi figo zikiwa dhaifu. Streptomycin iliyotumika miaka mingi dhidi ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo. Ujanja wa madhara hayo ni kwamba hayaleti mzunguko: masikio yote mawili hudhoofika kwa pamoja, kwa hiyo ubongo haupati taarifa zinazogongana. Mzee husikia vizuri, hana kizunguzungu akiwa ameketi, lakini akitembea nyumba na miti hurukaruka mbele ya macho yake, na gizani hawezi kusimama. Wiki mbili au tatu kabla ya hapo alilazwa, akachomwa sindano. Swali moja, “Mama, ulichomwa dawa gani hospitalini?” linaweza kueleza mambo ambayo vipimo vya miezi havikuyaeleza.

Jibu la tatu, la giza, linaelekeza kwenye nyayo. Ushahidi wake uko nyumbani na hauhitaji fedha. Mzee huinama juu ya beseni asubuhi, hupaka sabuni usoni, hufumba macho, na papo hapo huenda mbele kama aliyesukumwa. Au kandambili humtoka mguuni njiani, naye anaendelea na safari hadi mtoto amwite: “Nkambo, kiatu chako kimebaki kule.” Hakuhisi. Moritz Romberg wa Berlin alieleza kipimo cha jambo hilo katika karne ya 19: mtu asimame miguu pamoja, macho wazi, kisha ayafumbe, mwingine akiwa karibu kumdaka. Anayesimama vizuri akiona na kuyumba asipoona amepoteza taarifa ya miguu, ama mara nyingine ya sikio. Anayeyumba hata macho yakiwa wazi ana tatizo jingine, labda la serebela. Munganga akiwa na uma wa sauti wa hezi 128 huugusisha kwenye kidole gumba cha mguu na kuuliza kama mtetemo unasikika.

Vinavyoua neva za nyayo ni vingi, lakini vichache hupatikana upesi. Kisukari kiko mbele, na tone la damu linatosha kukionyesha. Pombe inafuata, hasa lutuku ya kila siku kwa mtu asiyekula vizuri. Hiyo huharibu neva na serebela kwa pamoja, na upungufu wa vitamini B1 unaoandamana nayo unatibika ukiwahiwa. Vitamini B12 hupungua kwa wazee ambao matumbo yao hayainyonyi tena au ambao nyama na samaki vimekuwa nadra, na sindano zake ni rahisi. Isoniazid ya kifua kikuu ikitolewa bila vitamini B6 huchoma nyayo. Virusi vya UKIMWI havichagui umri, na ni makosa kuacha kumpima mtu kwa sababu ana mvi. Kaswende ya zamani, ambayo ndiyo iliyowapata wengi wa wagonjwa wa Romberg, bado hutambulika kwa kipimo cha damu cha bei ndogo.

Muhogo nao una nafasi yake katika orodha ya Kongo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa Kwango, konzo, ambao miguu hukakamaa ghafla kwa siku moja au mbili baada ya wiki za kula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, kukiwa na uhaba wa protini. Konzo huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Kwa wazee kuna ndugu yake wa polepole, aliyechunguzwa Nigeria na daktari Osuntokun kuanzia miaka ya 1960: ganzi ya miguu, kuyumba, macho na masikio kufifia, yote kwa miaka mingi ya kula muhogo wenye sianidi. Kamina si Kwango, na bukari ya huko ina mahindi pia. Swali linalofaa ni jepesi: muhogo wa nyumba hii ulilowekwa siku ngapi kabla ya kuanikwa, na ndani ya chungu kuna samaki, maharagwe au karanga mara ngapi kwa wiki? Siku tatu majini ni jambo la wazee wenyewe, waliolijua kabla ya maabara. Huvunjika njaa inapokaza na bei inapopanda.

Jibu la nne ni la mtu anayeyumba kila anapotembea, mchana na usiku, bila mzunguko wowote. Hapo mwendo wenyewe husomwa. Mzee amwache mtazamaji amwone akitoka kitini, akienda hatua kama kumi, akigeuka na kurudi. Hatua fupi za kuburuta, mkono mmoja usioning'inia huru, kugeuka kwa vipande vingi kama mti, uso uliopoa: hizo ni dalili za ugonjwa wa Parkinson. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa wa Parkinson ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Walikuwa wanazeeka, basi. Miguu iliyokaa mbali mbali na mwendo wa kupepesuka wa mtu ambaye hajanywa huonyesha serebela. Miguu mikavu inayokwaruza vidole ardhini, pamoja na mikono iliyoanza kushindwa vifungo vya shati, huonyesha uti wa mgongo kubanwa shingoni, na ubebaji wa mizigo mizito kichwani kwa miaka, ndoo za maji na magunia ya makala, umehusishwa na kuchakaa mapema kwa pingili za shingo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo na virusi vya HTLV-1, vyote vilivyopo Kongo, hukakamaza miguu vilevile.

Hali mbili za kichwani zinastahili kukumbukwa kwa sababu hutibika na hujificha. Ya kwanza ni damu inayovuja taratibu kati ya ubongo na utando wake baada ya pigo ambalo kila mtu amelisahau, mzee alipogonga kichwa kwenye mlango wiki nne zilizopita. Huanza kuchanganyikiwa, kulala sana, kuvuta mguu mmoja. Tundu linalotobolewa na mpasuaji huweza kumrudisha alivyokuwa. Ya pili ni maji yanayojaa ndani ya ubongo bila presha kupanda, hali aliyoieleza Salomón Hakim wa Kolombia pamoja na wenzake mwaka 1965: miguu kama imegandishwa sakafuni, mkojo usiozuilika, na kusahau. Mambo hayo matatu yakiwa kwa mtu mmoja, watu husema mzee amerudi utotoni, na mara nyingi wanakosea. Malale nayo isisahauliwe kwa aliyeishi kandokando ya mito yenye mbung'o: Kongo ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi wa malale ya Afrika ya kati na magharibi, usingizi wa mchana na mwendo wa kuyumba ni kati ya dalili zake, na fexinidazole, dawa ya kumeza, imepunguza haja ya kumpachika mgonjwa sindano za mishipani kwa siku nyingi.

Macho hayahitaji maneno mengi. Mtoto wa jicho hutazamwa kwa tochi na hupasuliwa. Miwani mipya yenye sehemu mbili humfanya mtu akosee ngazi.

Orodha hii ikishapitiwa, kinachoonekana kwa wazee walio wengi ni kwamba chanzo si kimoja. Mary Tinetti na wenzake wa New Haven huko Marekani waliwafuatilia mwaka mzima wazee 336 wenye miaka 75 na zaidi, wakachapisha matokeo mwaka 1988: asiyekuwa na sababu yoyote ya hatari alikuwa na uwezekano wa asilimia 8 wa kuanguka, mwenye nne au zaidi, asilimia 78. Tunda la utafiti huo kwa Kamina ni la kutia moyo. Baba mwenye nyayo zenye ganzi kiasi, mtoto wa jicho upande mmoja, diazepam usiku na presha inayoshuka akiinuka hahitaji kuponywa yote ili asimame. Diazepam ikipunguzwa taratibu, amlodipine ikihamishiwa saa nyingine kwa ushauri wa munganga, na taa ndogo ya sola ikiwekwa kwenye njia ya choo, mawili matatu ya yaliyomwangusha yameondoka. Anayetafuta jina moja kubwa la ugonjwa huweza kupita juu ya vitu hivyo vidogo bila kuviona, na huo ndio upofu unaowagharimu wazee zaidi kuliko ukosefu wa mashine.

Mazoezi nayo ni tiba kamili, hata chanzo kisipotibika. Kuinuka kitini bila kushika, mara kumi asubuhi na kumi jioni; kusimama mguu mmoja mkono ukiwa juu ya meza; kutembea kisigino mbele ya kidole kandokando ya ukuta. Sikio lililoharibika halioti upya, lakini ubongo hujifunza kuliacha na kutegemea macho na nyayo, kwa sharti kwamba mwili unaendelea kusogea. Mtoto anayemkataza mzazi kuinuka kwa huruma humnyima somo hilo. Fimbo ya urefu wa kifundo cha mkono, yenye raba chini, ni ya kutumiwa mapema, na mzee akikataa kwa fahari, hupewa na mtu anayemheshimu.

Kuna hali ambazo hazingojei. Kuyumba kulikoanza ghafla na kumfanya mtu asiweze kusimama hata akishikwa, uso kupinda, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, maumivu makali ya kichwa, homa pamoja na kuchanganyikiwa, au kuzidi kwa usingizi baada ya kugonga kichwa: mwenye mojawapo ya hizo hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, maana kiharusi cha serebela huweza kufanana na ugonjwa mdogo wa sikio kwa saa za kwanza.

Wengine wana muda, na safari ya Lubumbashi kwa ajili ya skana na daktari wa neva hufaa baada ya maswali ya nyumbani na vipimo vya kituo cha afya kumalizika, au vikielekeza kwenye ubongo au uti wa mgongo. Picha isiyojua inatafuta nini hurudi na maneno kwamba ubongo umezeeka, ambayo familia ilikuwa imeshajiambia. Anayesafirishwa huenda na daftari lenye tarehe za kuanguka, saa, mahali na alichokuwa anafanya. Presha zilizopimwa akiwa amelala na akiwa amesimama. Majibu ya sukari, ya kaswende na ya VVU. Dawa zote, pamoja na zilizoisha na zile za bahasha isiyo na jina. Karatasi za hospitali zenye majina ya sindano alizochomwa. Miwani yake na kandambili anazozivaa kila siku, maana soli huonyesha mguu unaoburuzwa. Huenda pia na mtu anayelala naye nyumba moja, hata kama nauli imelipwa na mwingine, kwa kuwa maswali mengi ya daktari yatahusu usiku.